Mulango Iko Wapi? Namna ya Kugeuza Mutuka ya Kuchezea Kuwa Mutuka ya Siku za Taabu



Wengi wametuuliza: ninyi watu wa kalasi ya mwisho kule upande wa bomba, kila siku ya posho munakaa mukikata makopo na kupaka vimutuka matope, je, mumerudia utoto? Mwalimu mumoja naye aliuliza, tena kwa haki: mchezo huu wa vita unafundisha nini ndani ya shule? Ndiyo sababu naandika. Nataka kueleza kazi yenyewe, inatoka wapi, inafanywa namna gani, na kwa nini katika kikundi chetu mutuka isiyo na mulango hairuhusiwi kufika mezani.

1. MAANA YA KAZI HII

Kila mutoto wa Lubumbashi anajua mutuka ya waya. Unakunja waya, unaweka magurudumu ya vifuniko, unafunga waya murefu wa kuongozea, na unakimbia nayo barabarani. Wenzetu wa Zambia na Malawi wanafanya vilevile. Hapo mutoto anaanza na waya tu na kupata mutuka.

Kazi yetu inaanza pengine. Tunachukua mutuka ndogo ya dukani, ya chuma au ya plastiki, inayong’aa kama bibi arusi, na tunaigeuza iwe kama mutuka ya nchi iliyoharibika: esansi hakuna, vipuri hakuna, barabara imekufa, kila mutu anatengeneza kwa kile alichobakiwa nacho. Kiisha tunacheza nayo juu ya meza, kwa kipimo cha santimetre na dadu, kile kibao kidogo chenye pande 6 na madoa.

Mituka hizi ndogo zina historia. Kampuni ya Lesney ya London ilianza kuuza zile za Matchbox mwaka 1953. Inasimuliwa kwamba fundi wake Jack Odell alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu watoto kuleta tu kitu cha kuchezea kinachoingia ndani ya kisanduku cha kiberiti. Baba akamutengenezea mashine ndogo ya kusindilia barabara, na shule nzima ikaitamani. Basi hata mituka hizi zilizaliwa kwa sababu ya sheria ya shule! Mwaka 1968 Wamarekani wa Mattel walileta zao, Hot Wheels.

Mutindo wa mituka zilizochakaa ulienea sana kwa njia ya filimu ya Australia, Mad Max, ya mwaka 1979. Aliyeiongoza, George Miller, alikuwa munganga; katika hospitali aliona watu wengi walioumizwa na mituka. Tena watu wa kwao walikuwa wanakumbuka shida ya mafuta ya mwaka 1973, mulongo murefu penye pompi, na ugomvi ndani ya mulongo. Hatuhitaji kuelezwa sana mambo ya mulongo ya esansi. Mwaka 2017 Mwingereza Mike Hutchinson alitoa mchezo unaoitwa Gaslands, ambao unatumia mituka hizi ndogo za dukani, na sasa watu wa inchi nyingi wanaucheza. Sisi tulichukua wazo, lakini sheria tulijitungia wenyewe.

2. MAMBO HAYA YALITOKEA KWELI

Musifikiri ni ndoto ya filimu tu. Mituka ya kwanza ya vita ilikuwa mituka ya kawaida. Mwezi wa 8 mwaka 1914, Wajerumani walipoingia Ubelgiji, Wabelgiji wa Antwerpen walichukua mituka za fahari za Minerva, za kutembelea matajiri, wakazivika mabamba ya chuma na kuweka bunduki ya mashine. Zile za kwanza hazikuwa na kifuniko juu. Luteni Charles Henkart, mumoja wa walioanza kazi hiyo, aliuawa vitani mwezi uliofuata.

Mwaka 1987, huko Tchad, askari waliokuwa na vituka vyepesi vya Toyota vyenye silaha mugongoni walilishinda jeshi la Libya lenye vifaru, kule Fada na kule Ouadi Doum. Watu wakaita vita ile “vita ya Toyota”.

Na hapa kwetu? Katanga ilijitenga tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, na jambo hilo likaisha mwezi wa kwanza mwaka 1963. Katikati ya miaka hiyo muji wetu, uliokuwa bado unaitwa Élisabethville, ulipigwa vita zaidi ya mara moja, na kati ya mituka zilizopita barabarani zilikuwamo makamyo ya kazi yaliyovikwa chuma na mafundi wa hapa hapa.

Nilipomaliza mutuka yangu ya kwanza nilimuonyesha nkambo mumoja wa jirani, ambaye mwaka 1961 alikuwa kijana mudogo. Nilikuwa nimeifunga bati pande zote, na nilijisifu sana. Aliigeuzageuza mukononi bila kusema. Kiisha akauliza:

– Mwana, ni muzuri. Lakini mulango iko wapi?

– Nkambo, nimeifunga. Ni juu risasi isiingie.

– Na moto ikiingia, bale ba ndani batatokea wapi?

Sikuwa na jibu. Akanirudishia mutuka na kusema: “Miye nilisikia watu wakipiga mikono ndani ya chuma. Usitengeneze kitu kama ile.” Hakuongeza neno lingine, na miye sikuuliza tena. Siku ile nilirudi nyumbani na kubandua bati moja.

3. KILA KIPANDE NA SABABU YAKE

Kosa la wanaoanza ni kubandika vitu vingi: bunduki kumi, misumari mia, fuvu la kichwa. Mutuka inakuwa kama duka la vyuma vikukuu. Sherti kwanza ujiulize maulizo matatu: Mutuka hii ilikuwa ya nani mbele ya taabu? Ni kitu gani kimekosekana? Sasa inabeba nini? Jibu likiwa wazi, mukono utajua la kufanya.

Mufano: esansi imekosekana. Basi mutuka itatembea na nini? Hapa tuko na jibu la kweli: gazojeni. Wakati wa vita ya 1939 mupaka 1945 mituka nyingi sana za Ulaya zilitembea kwa kuni na makala. Unaweka tanuru kama pipa nyuma ya mutuka. Ndani yake makala yanaungua kwa hewa kidogo tu, hayaungui mupaka mwisho, na yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Gazi hiyo inapita katika bomba la kuipoza na kichujio cha kuondoa majivu, kiisha inaingia ndani ya motere na kuungua pale. Motere inapungukiwa nguvu, na asubuhi sherti uwashe tanuru na kungoja mbele ya kuondoka. Lakini inatembea.

Wandugu, chunga: gazi hiyo njo ile ile inayoua watu wanaolala na mbabula yenye moto katika nyumba iliyofungwa. Haina harufu. Usilale na mbabula ndani, hata siku ya baridi ya mwezi wa 6.

Kwa hiyo mutu wa Lubumbashi akitengeneza mutuka ya siku za mwisho wa esansi, asiweke tu bunduki. Aweke tanuru, bomba, na magunia ya makala juu ya paa, kama yale yanayoingia muji juu ya kinga kila asubuhi. Hapo kila mutazamaji ataelewa bila kuelezwa.

4. HESABU YA UKUBWA

Mutuka nyingi za namna hii zina urefu wa karibu santimetre 7. Mutuka ya kweli yenye metre 4 na nusu, ukigawanya kwa 64, unapata santimetre 7. Basi gawanya kila kitu kwa 64:

– Mutu wa metre 1 na santimetre 70: milimetre 27 hivi.
– Pipa la litre 200, lenye urefu wa santimetre 88 na upana wa 58: urefu milimetre 14, upana milimetre 9.
– Gunia la makala la metre 1 na santimetre 20: milimetre 19.

Pipa lako likiwa kubwa kuliko mulango wa mutuka, jicho litakataa, hata rangi ikiwa nzuri namna gani. Angalia tena: watengenezaji wanafanya kamyo na taksi kuwa na urefu mumoja ili ziingie katika kisanduku kimoja. Kwa hiyo usipime kwa urefu tu. Linganisha madirisha na milango.

5. VYOMBO NA KAZI YENYEWE

Mituka zilizotumika tunazipata katika soko ya Kenya kwa falanga kidogo. Iliyovunjika gurudumu ni bei ndogo zaidi, na kwetu haina ubaya. Vingine ni vitu vya kutupwa: kopo la nyanya, katoni ya sabuni, kipande cha chandarua cha dirisha, waya, kalamu zilizokwisha, njiti za kiberiti, kipande cha gunia. Uwe na makasi, koleo ndogo, kole na burashi.

Kwanza, osha mutuka kwa maji na sabuni, na uache ikauke. Kole haishiki juu ya mafuta ya vidole. Ikiwa ni ya zamani sana, usikwangue rangi yake kavu, kwani rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, ile sumu. Vumbi lake ni baya. Paka juu yake tu.

Pili, madirisha. Kata chandarua kwa kipimo cha dirisha, ukizidishe milimetre 1 kila upande, na ubandike kwa ndani ikiwezekana. Ikiwa mutuka haifunguki, bandika kwa inje na uzungushe katoni nyembamba kama fremu.

Tatu, mabamba. Tunapenda katoni kuliko bati. Katoni ya sabuni iliyopakwa kole pande mbili inakauka ngumu, inakatwa vizuri, na haikati vidole. Ukitaka bati ya kopo, kunja kingo zote kwa koleo. Mwenzetu mumoja alikosa mutihani wa kuandika juu ya kidole kilichokatwa. Tunamusikitikia, lakini tulimuonya. Tia madoa ya kole kwenye kona za bamba: yakikauka yanaonekana kama vichwa vya misumari.

Ine, mulango. Acha mulango mumoja bila bamba, au tengeneza bamba lake peke yake, lenye bawaba mbili za waya na mukono wa kufungulia. Weka na tundu juu ya paa. Mutu wa milimetre 27 sherti aweze kupita.

Tano, tanuru. Kata milimetre 25 ya kalamu nene ya rangi, ifunike juu kwa duara la katoni, isimamishe nyuma. Waya uliokunjwa ndiyo bomba la kupeleka gazi mbele. Magunia unashona kwa kipande cha gunia la kweli, au unakunja kitambaa cheusi kilichotiwa kole na kukifunga kwa uzi.

Sita, rangi. Paka yote nyeusi au kahawia kwanza. Kiisha chukua rangi ya kweli ya mutuka, nyeupe au bleu, na upake kwa burashi karibu kavu, ukiguse juu juu. Kutu haikai popote tu: inakaa pale maji yanapolala, chini ya milango, karibu na magurudumu, penye maji yanatiririka toka misumari. Vumbi la matofali lililosagwa, likichanganywa na kole na maji, linafanya kutu nzuri kuliko rangi ya dukani.

Mwisho, udongo. Hapa hatuna haja ya kununua: udongo wetu mwekundu uko chini ya miguu. Uchunge kwa chandarua, uchanganye na maji ya kole. Ukitaka kiangazi, pulizia vumbi kavu juu ya mutuka nzima. Ukitaka masika, weka matope mazito kwenye magurudumu na chini tu. Usifanye yote mawili.

6. MCHEZO: SAFARI YA MAJI

Meza iwe na urefu wa metre 1. Mawe, vitabu na vipande vya matofali ni vilima na nyumba zilizoanguka. Wachezaji ni wawili mupaka wane, kila mutu na mutuka yake. Kila mutuka inabeba mapipa 4 ya maji (vipande vya kalamu) toka upande mumoja mupaka kijiji upande wa pili.

a) Esansi. Kila mutuka inaanza na njiti 12 za kiberiti. Zamu yako ikifika unachagua vitesi. Vitesi 1: santimetre 10, unalipa njiti 1. Vitesi 2: santimetre 20, njiti 2. Vitesi 3: santimetre 30, njiti 4, kwani anayekimbia sana anapoteza mafuta.

b) Uzito. Kila bamba na kila bunduki inaondoa njiti 1 mbele ya kuanza. Mwenye tanuru la makala anaongezewa njiti 4, lakini vitesi 3 amekatazwa.

c) Kona. Ukipinda kwa vitesi 3, tupa dadu. Ukipata 1 au 2, mutuka imeteleza. Unakosa zamu moja.

d) Kupiga. Mwenye bunduki anaweza kupiga mutuka iliyo karibu ya santimetre 20. Akipata 5 au 6, amegusa. Aliyeguswa, ikiwa ana bamba upande ule, anatupa dadu naye: 4, 5 au 6 inamukinga. La sivyo anapoteza jiwe 1. Kila mutuka ina mawe 3. Yakiisha, mutuka imekufa.

e) Watu. Mutuka iliyokufa, ikiwa na mulango, inatoa watu 2 wakisimama kando ya njia. Mutuka yoyote, hata ya adui, inaweza kusimama zamu nzima na kuwapakia. Kwa sababu ya sheria hii mutuka isiyo na mulango haikubaliwi mezani.

f) Alama. Kila pipa lililofika: 2. Kila mutuka uliyoua: 1. Kila mutu uliyemupakia na kumufikisha: 3.

7. TULICHOONA

Siku ya kwanza mwenzetu mumoja alileta mutuka ya kutisha: mabamba 4, bunduki 2. Sote tuliogopa. Lakini fanya hesabu: 12 kutoa 6 inabaki 6. Kwa njiti 6 unafika santimetre 60, na kijiji kiko kwenye 100. Alisimama katikati ya meza kama mulima, akipiga kila apitaye, na maji yake hayakufika hata pipa moja. Aliua mutuka mbili, alama 2. Akakasirika na kusema sheria ni mbaya. Tukamuambia: sheria ni mizani tu; uzito ni wako.

Siku hiyo aliyeshinda alikuwa kijana mumoja wa mwaka wa pili, ambaye jamaa yake walikimbia vita ya mashariki na kuja kukaa hapa. Mutuka yake ilikuwa kamyo kidogo, tanuru nyuma, magunia juu, hakuna bunduki hata moja. Alitembea pole pole kwa vitesi 1. Mutuka mbili zilizouawa zilimwaga watu 4 kando ya njia. Alisimama mara mbili, akawapakia wote, huku sisi tukimucheka kwamba anapoteza zamu. Alifika na maji yote na watu wote: 8 na 12, alama 20. Tukamuuliza nani alimufundisha ujanja ule. Akajibu: “Si ujanja. Siye, kamyo moja ilisimama.”

Tulinyamaza wote. Nafikiri mwalimu aliyeuliza mchezo huu unafundisha nini amepata jibu hapo, bora kuliko ningeliandika.

Basi, wandugu, anayetaka kujaribu aje siku ya posho kisha masomo. Alete mutuka moja, makasi, na kopo la udongo. Wadada nao wanakaribishwa. Hakuna aliyesema kazi hii ni ya vijana wanaume. Mezani tutaangalia kazi yako kwa furaha, na mbele ya kutazama bunduki, rangi ao kutu, tutakuuliza kwanza ulizo la nkambo: mulango iko wapi?